Picha ya asaimenti imegoma: anza na kasoro unayoiona, setingi baadaye

Hii nawaandikia wanafunzi wa upigaji picha, sanasana mlio mwaka wa kwanza na mnafanyia mazoezi Dar, Tanga, Unguja au mji wowote wa pwani, mmepewa zile asaimenti ambazo karibu kila darasa linapewa: kufuatisha chombo kinachokimbia, kuchora kwa tochi usiku, potreti ya mwanga wa dirisha, sayanotaipu (picha za bluu zinazochapwa kwa jua), ekspoja mbili kwenye fremu moja (picha mbili zikilaliana). Kinachoniuma ni hiki, mtu anapiga picha kibao, anacheki kwenye kioo cha nyuma anaona mbaya, anafuta, anapiga tena kwa setingi zilezile, anafuta tena, jioni anarudi nyumbani na kadi tupu na hasira. Ile picha mbaya aliyoifuta ndo ilikuwa imebeba jibu.

Kwa hiyo la kwanza, usifute ukiwa bado uwanjani. Kila faili lina shata (muda inaokaa wazi), apacha (tundu la lenzi, namba ya f ikikua linabana), ISO (wepesi wa sensa kushika mwanga), urefu wa lenzi na saa uliyopigia, vyote vimeandikwa ndani. Fungua kwenye laptopu, vuta mpaka asilimia 100, alafu uangalie ukungu wenyewe umekaaje. Ukungu wa mkono kutetemeka unaburuta kila kitu kwenye fremu upande mmoja, hata ukuta na nguzo ya umeme. Ukungu wa mtu kusogea unamburuta yeye tu, ukuta nyuma yake umetulia. Ukungu wa fokasi hauburuti, unatandaza, na ukitafuta vizuri utakuta mahali pengine mbele au nyuma pametoka pakali kabisa. Hizo ni shida tatu tofauti zenye dawa tatu tofauti, na wengi wanazitibu zote kwa kupandisha ISO tu. Ukishajua ni ipi, badili kitu kimoja, piga, andika kwenye notsi za simu, ndo uende kingine. Ukibadili vinne kwa pamoja na picha ikakaa sawa hutajua kilichosaidia, na mwalimu akikuuliza ulifanyaje utabaki unaguna.

Bodaboda imetoka ukungu, na barabara nayo ukungu

Kinachotakiwa hapa ni bodaboda iwe kali na nyuma yake pawe michirizi. Kama vyote vimevurugika angalia ile michirizi ya nyuma. Ikiwa imenyooka mlalo, basi mkono wako uko sawa, ila spidi yako haikulingana na ya boda au shata ni ya chini mno kwako kwa sasa. Anza na 1/60 ya sekunde, ukizoea shuka 1/30, 1/15 iache mpaka mwili ushike. Michirizi ikiwa na mawimbi mawimbi inamaanisha unapanda na kushuka, unafuata kwa mikono badala ya kiuno. Tanua miguu, bana viwiko mbavuni, elekeza miguu pale boda atakapokuwa sambamba na wewe, alafu jipinde umwanze tangu akiwa mbali, bonyeza akifika mbele yako na uendelee kumfuata hata shata ikishafunga. Hapo mwisho ndo wengi wanapokosea, wanaganda ile sekunde wanayobonyeza.

Kuna kasoro nyingine, tairi la mbele kali ila la nyuma na abiria wameburutika. Hiyo sio mkono, ni mahali uliposimama, boda alikuwa anakujia kwa pembe na sio kukukatiza. Sogea mpaka barabara ikae sambamba na wewe, na usimkaribie sana, toka hatua kadhaa nyuma utumie lenzi ya milimita 50 au 85. Kama lenzi yako ina kitulizo cha mtetemo angalia kama kina modi ya pili, ile ya kufuatisha, kama haina zima kabisa maana inaweza ikapigana na mwendo wako.

Na ikiwa picha imekuwa nyeupe yote kila ukishusha shata, hapo kamera haina kosa, ni jua. Saa sita mchana jua likiwa wazi, ISO 100 na f/16 ekspoja yake ni kama 1/100. Ukibana mpaka f/22 unapata 1/50 na lenzi nyingi zinaishia hapo au karibu na hapo. Sasa 1/15 utaitoa wapi? Hamna. Unahitaji filta ya ND8, kioo cheusi cha kupunguza mwanga, inayokula stopu 3 (kila stopu inakata mwanga nusu), ile 1/100 inakuwa kama 1/12, au unasubiri saa kumi na moja na nusu jioni, au unatafuta barabara yenye kivuli cha miti. Kwa simu ni ngumu zaidi, apacha ya simu nyingi haibani, imefungwa kwenye f/1.8 hivi, kwa hiyo kwenye jua la mchana simu inakimbilia 1/4000 na boda anatoka kama amepaki. Weka kipande cha filta ya ND mbele ya lenzi ya simu, hata miwani ya jua inasaidia kidogo, au piga jioni.

Picha za tochi usiku zina vituko vyake

Kituko namba moja ni "kamera imeganda". Umepiga sekunde 30, shata imefunga, alafu kioo cheusi, haipokei kitu, mtu anachomoa betri. Usichomoe! Kamera nyingi zina setingi ya kupunguza chengachenga za ekspoja ndefu, inapiga fremu nyingine ya giza kwa muda uleule ili ijue doti zake za joto ziko wapi izitoe. Picha ya sekunde 30 inakuwa dakika nzima. Subiri, au kaizime kwenye menyu kama mnagombania muda.

Herufi zimetoka kinyume. Hii inatokea kwa sababu unaandika ukiwa umeikabili kamera, wewe unaona kushoto kwenda kulia, kamera inaona kulia kwenda kushoto. Geuza picha kwenye kuedit, imeisha. Ila kama kuna bango la duka nyuma litageuka pia, kwa hiyo chagua mahali pasipo maandishi.

Mchoraji anaonekana kama mzimu, au unaona mguu wake mmoja na nusu ya shati. Tochi imemmulika yeye mwenyewe, au amesimama mahali pamoja muda mrefu. Avae nguo nyeusi ndefu, azime tochi kabla ya kuingia na kutoka kwenye fremu, asisimame. Tochi iwe inaitazama kamera wakati wa kuchora, na ukitaka mstari mwembamba ifunike kwa karatasi nyeusi uache tundu dogo. Kama unataka mtu mwingine atokee vizuri katikati ya michoro, yeye asimame kama mlingoti na mpige flashi mara moja tu, flashi ndo inamgandisha, ukimpiga mbili tatu atakuwa na nyuso mbili tatu.

Picha yote ukungu ingawa ulitumia tripodi. Vuta asilimia 100 ucheki taa za mbali. Zikiwa duara kubwa laini ni fokasi, kamera haikuona kitu gizani ikabahatisha. Mmulike mtu kwa tochi, pata fokasi kwake, alafu hamisha lenzi kwenye modi ya mkono (ile isiyotafuta fokasi yenyewe) na usiguse tena. Taa zikiwa na vijikia vifupi vinavyofanana zote, kamera imetikisika, tumia taimari ya sekunde 2 na zima kitulizo. Ukiwa ufukweni, Coco kwa mfano, angalia na mchanga, miguu ya tripodi inazama taratibu kila wimbi likipita chini yake na vile vijikia vyote vitaelekea upande mmoja. Sukuma miguu ndani ya mchanga mpaka igome, au simamia kwenye mwamba. Setingi ya kuanzia ISO 100, f/8, sekunde 20, kutoka hapo unapanda au unashuka kufuatana na taa za mtaa.

Jambo la muda: huku kwetu jua likizama giza halichelewi, ile bluu nzuri ya anga inakaa dakika 20 na kidogo tu. Ukisoma maelekezo ya watu wa Ulaya wanaokuambia una saa nzima utafika umechelewa. Panga tripodi kabla jua halijazama.

Uso umekuwa mweusi tii, au umekuwa wa kijivu

Hapa naomba tukae kidogo, maana ndo asaimenti inayoumiza wengi na ndo inayowagusa watu wetu moja kwa moja.

Mita ya kamera, yaani kipima mwanga chake, haijui kama mbele yake kuna mtu au ukuta, inachotaka ni wastani wa fremu uwe kijivu cha katikati. Mchukue kijana mweusi, kanzu nyeupe, amesimama mbele ya ukuta wa chokaa Mji Mkongwe. Weupe umejaa karibu fremu nzima, mita inaona mwanga mwingi inabana, kanzu inatoka kijivu kama haijafuliwa vizuri na uso unazama. Histogramu, ile grafu ya mwanga kwenye kioo cha kamera, itakuonyesha, kilima kimekaa katikati na upande wa kulia ni mtupu wakati ulipiga kitu cheupe. Dawa ni kuongeza stopu 1 mpaka 1 na nusu kwenye fidia ya ekspoja, ukiangalia kanzu isiungue. Sasa mgeuze kijana huyohuyo, avae shati jeusi, asimame mbele ya mlango wa mti wa kizamani ulio gizani. Mita inaona giza, inafungua, uso unatoka umepauka kama umepakwa majivu. Hapo unapunguza. Mtu ni yuleyule na mwanga ni uleule, kilichobadilika ni nguo na kilicho nyuma yake tu, kwa hiyo ukitaka picha mbili zilingane weka kamera kwenye modi ya mkono (shata, apacha na ISO unapanga mwenyewe), pima mara moja na usibadili mpaka mwanga ubadilike.

Njia ninayoipenda ni mita ya doti, ile inayopima sehemu ndogo ya katikati. Ielekeze kwenye shavu upande wenye mwanga, alafu kwa ngozi nyeusi sana punguza kati ya theluthi mbili na stopu 1 kutoka pale mita inaposema, maana mita ingetaka kuifanya kijivu cha katikati na ngozi ile sio kijivu cha katikati, ni nzito na ndo uzuri wake. Piga moja, vuta, angalia kama unaona ngozi ya shavu na ya chini ya taya. Zote zikionekana umeshapata.

Paji la uso linang'aa doa jeupe. Wengi wanakimbilia poda. Angalia chanzo cha mwanga kwanza, kikiwa kidogo na kikali, kama jua la saa saba au flashi ya kwenye kamera, doa linakuwa dogo na jeupe kabisa. Chanzo kikiwa kikubwa, dirisha, kibaraza chenye kivuli kinachotazama uwanja wenye jua, ule mng'ao unatanuka unakuwa laini na unachora mfupa wa shavu vizuri mno. Ngozi nyeusi inapendeza kwa mng'ao, usiufute, ukuze. Mweke mtu ubavu kwa dirisha, upande wa pili weka manila nyeupe au foili ya jikoni iliyobandikwa kwenye boksi, isogeze karibu na uso mpaka uone kivuli cha pua kinafunguka.

Ngozi ina rangi ya kijani au ya bluu. Tazama kilicho karibu na mtu badala ya kulaumu kamera: ukuta wa kijani, turubai la bluu la duka, nyasi, kanga nyekundu inayopiga rangi chini ya kidevu. Mhamishe. Na ukichanganya dirisha na taa ya chumbani nusu ya uso itakuwa bluu na nusu ya njano, zima taa.

Ngozi imekuwa ya majivu yenye chengachenga baada ya kuedit. Ulipiga giza alafu ukavuta vivuli juu kwenye programu. Vivuli vilivyovutwa kwa nguvu vinakuja na uchafu na rangi inakufa, hasa kama ulipiga JPEG. Piga RAW (faili ghafi ambalo kamera haijalibana) na upate ekspoja palepale.

Na msikubali kuambiwa kwamba ngozi nyeusi ni ngumu kupiga. Kodak, kampuni ya filamu, kwa miaka mingi walikuwa wanatuma kwa maabara kadi za kupimia rangi zenye picha ya mwanamke mzungu, zilikuwa zinaitwa kadi za Shirley, rangi zikipangwa kwa ngozi yake, kwa hiyo vifaa ndo vilikuwa na upande. Mpiga picha Seydou Keïta kule Bamako, Mali, alikuwa anapiga watu uani kwake kwa mwanga wa mchana, na nyuma amening'iniza kitambaa tu, na ngozi za watu kwenye picha zile zina kila daraja la weusi. Kitambaa na kivuli cha ua vinapatikana kwetu kila mtaa.

Ukijipiga mwenyewe inatoka selfi

Tatizo la kwanza ni fokasi, kali iko kwenye kiti nyuma yako. Simamisha fagio pale utakaposimama, pata fokasi kwenye mti wa fagio, hamisha modi ya mkono, toa fagio, kanyaga alama uliyoweka sakafuni, taimari sekunde 10. La pili ni kubwa zaidi, mwalimu anasema "hapa hamna wazo". Kijana wa miaka 13, Samuel Fosso, alifungua studio Bangui, Jamhuri ya Afrika ya Kati, mwaka 1975, fremu zilizobaki mwisho wa rolo la wateja akawa anajipiga mwenyewe kwa nguo, miwani na mikao tofauti, na ndo kazi iliyomfanya ajulikane. Chagua mhusika kwanza, mavazi na pazia vitafuata, uso wa kawaida wa kutazama simu uache.

Sayanotaipu imeoshwa ikabaki karatasi nyeupe

Njia hii ni ya mwaka 1842, ya mwanasayansi Mwingereza John Herschel, na mwaka uliofuata Anna Atkins akaanza kuitumia kuchapa picha za mwani. Kwa mwani tulionao Unguja na Pemba hii ni asaimenti ya kwetu kabisa, napenda sana mkiifanya.

Gramu 25 za amoniamu feri sitrati kwenye mililita 100 za maji, gramu 10 za potasiamu ferisianidi kwenye mililita 100 zingine, unachanganya kiasi sawa pale unapotaka kupaka. Vaa glavu, usitumie vyombo vya chakula, na usiweke karibu na asidi kali wala moto.

Bluu yote ikiondoka na maji, jua halikutosha. Usihesabu dakika peke yake, tazama rangi, sehemu ya wazi inatoka njano ya kijani inaenda bluu, alafu inageuka kijivu cha shaba kama imerudi nyuma. Hapo ndo uitoe. Kwa jua letu la mchana inaweza ikawa dakika 5 mpaka 10, siku ya mawingu mara kadhaa ya hapo.

Sehemu za weupe zimekuwa za bluu: karatasi iliona mwanga kabla, ulipakia karibu na dirisha au uliikausha kibarazani. Paka kwenye chumba chenye balbu hafifu ya njano, kausha kwa feni gizani. Pwani kuna unyevu, karatasi unaweza kuiona imekauka kumbe bado, na ikiwa mbichi inanata kwenye kioo na kuacha madoa. Ishike kwa mgongo wa mkono, ikiwa baridi bado ina maji. Weupe wenye njano njano umeosha kidogo, endelea mpaka maji yawe safi.

Kingo za jani hazieleweki, upepo ulilitikisa au halikulala bapa. Lilaze ndani ya kitabu usiku mmoja, siku ya kazi weka kioo juu na bana pembe nne kwa klipu. Na kama bluu inafifia palepale kwenye beseni shuku maji, maji ya kisima mengi yana magadi na bluu hii haivumilii magadi wala sabuni. Kamulia ndimu kwenye beseni la kwanza au tumia maji ya mvua. Bluu ikiwa hafifu tu usiogope, hewa inaikoleza kwa siku moja, au tia kifuniko kimoja cha haidrojeni peroksaidi ya duka la dawa ya asilimia 3 kwenye maji utaona inakoza mbele ya macho.

Ekspoja mbili imekuwa supu

Mwanga juu ya mwanga unazaa weupe. Picha ya kwanza mpige mtu awe kivuli cheusi mbele ya anga jeupe, ya pili (majani, kanga, maandishi ya daladala) itaingia ndani ya ule weusi tu. Kama haikuingia, kivuli chako hakikuwa cheusi vya kutosha, punguza stopu 1.

Vidoti vyeusi palepale kila picha

Vumbi kwenye sensa, linaonekana ukibana f/16 na kuendelea, ndo maana hukuliona mwaka mzima ukapata asaimenti ya mandhari ukaliona. Piga anga kwa f/22 kuthibitisha. Pampu ya mpira ya kupuliza, lenzi imetolewa, kamera imeangalia chini. Usipulize kwa mdomo kamwe. Na kama ni ukungu wa picha nzima ulipotoka chumba chenye eisi, ni unyevu juu ya lenzi, ifunge ndani ya mfuko wa plastiki kabla ya kutoka na uache ipate joto.

Picha ilikuwa nzuri kwenye kamera, kwa mwalimu imefika mbaya

Rangi zimepoa: ulitoa faili kwa mpangilio wa rangi wa Adobe RGB, toa kwa ule wa sRGB. Imekuwa na vibox vibox: uliituma WhatsApp kama picha, itume kama dokumenti. Chapisho limetoka giza: kioo cha laptopu kilikuwa na mwanga wa juu wakati unaedit, kishushe mpaka karatasi nyeupe iliyo pembeni yake ilingane nacho, alafu toa chapisho dogo la majaribio kabla hujalipia kubwa.

Kadi inasema haisomeki usiku wa kuamkia siku ya kukusanya: acha kupiga hapohapo, usikubali ikikuomba uiformati, itoe. Weka kwenye laptopu, tumia PhotoRec, programu ya kurudisha faili zilizopotea, ni ya bure, na kile itakachokipata kihifadhi kwenye laptopu, sio kwenye kadi ileile.